Mzigo ambao Mama Goodness hakuubeba

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia barabara kuu ya kwenda Vwawa, na malori yanayosubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia yamejipanga pembeni mwa lami, injini zikinguruma. Mwanamke aliyejifunga kitenge juu ya sweta anaiacha barabara, anakatiza uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa na kwenda moja kwa moja hadi nyuma ya jengo. Mkononi ameshika pampu ya baiskeli.

Anachuchumaa mbele ya baiskeli ya kijani iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Anajaza upepo tairi la mbele, analibonyeza kwa kidole gumba, anahamia la nyuma. Kisha anatoa kitambaa kifuani, anafuta umande kwenye usukani, na kudondosha mafuta kidogo kwenye cheni.

Mgambo anayelinda ofisi anamtazama huku amekumbatia kikombe cha chai ya rangi.

"Mama Goodness, leo tena?"

"Leo tena, Gibson."

Baiskeli ni ya Mama Goodness mwenyewe, na hakuna anayebisha hilo. Ila haruhusiwi kuipanda, na hii ni wiki ya tatu.

"Baiskeli ikikaa bila upepo, tairi linakatika ubavuni," anasema, akiifunga pampu ndani ya kitenge. "Ziangalie hizo zenzake."

Zenzake zimelazwa ukutani, zaidi ya kumi, zote zimekamatwa kwa tuhuma za kubeba magendo. Matairi yamelala chini, kutu imekula rimu, na kwenye moja majani yameota katikati ya spoku. Wenyewe walishakata tamaa, au walishanunua nyingine, au waliona aibu kurudi kuzidai. Pembeni yazo kuna madumu ya mafuta ya kula na viroba vya sukari vilivyokamatwa kihalali, vikiwa na ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Baiskeli ya kijani haina ushahidi wa aina hiyo. Ilikamatwa kwa sababu ilikuwa tupu.

Msomaji asidhani kuna neno limeachwa hapo. Tukuswiga Kibona, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mfuaji wa mashuka katika nyumba ya wageni mjini Tunduma, alinyang'anywa baiskeli yake Jumapili moja saa kumi alasiri kwa kosa la kuiendesha bila mzigo. Ukisimuliwa mara ya kwanza unacheka. Ukikaa naye asubuhi mbili tatu, ukamwona anavyochuchumaa pale, kicheko kinakukauka mdomoni.

Tukuswiga, ambaye mtaani wanamwita Mama Goodness kwa jina la binti yake wa kwanza, anaishi upande wa Mpemba pamoja na mumewe, Raphaeli, mkulima wa mahindi na maharage. Kabla ya baiskeli kukamatwa, kila asubuhi alikuwa akiikanyaga hadi mjini, akipenya kwenye kile kinachoitwa pembeni mwa barabara.

Pembeni hiyo ina wenyewe. Lori likisimama kwenye foleni, utingo anashuka na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Foleni ikisogea, lori linaondoka na jiwe linabaki. Mwendesha baiskeli akilikwepa jiwe anaingia kwenye lami, na kwenye lami kuna basi linalopiga honi kama vile barabara ni urithi wa baba yake dereva.

"Nimeanguka pale mara nyingi tu," anasema Tukuswiga. "Nikianguka hakuna anayeniuliza nina mzigo au sina. Wanapita."

Kazini anaanza na beseni la mashuka ya usiku uliopita. Wageni ni madereva wa malori, wengine wametoka Dar es Salaam, wengine wanarudi kutoka Kongo na wiki nzima hawajaoga vizuri. Dawa ya kung'arishia nguo imemchubua ncha za vidole. Mgongo, anasema, ukifika saa nane mchana unakuwa si wake tena.

Ndiyo maana alianza kutembea Jumapili.

Akitoka kanisani na kula, anachukua baiskeli na kushika barabara ya lami iendayo Isongole. Malori huko ni machache, miteremko ni mirefu, na upepo wa milimani unamjaza sweta. Haendi kwa mtu. Hapeleki kitu. Akichoka anageuza.

"Wiki nzima nimeinama kwenye uchafu wa watu," anasema. "Pale juu ya baiskeli nanyooka. Nashuka mlima miguu imetulia, nasikia upepo masikioni, naona mashamba. Nikirudi nyumbani hata watoto wanajua mama yao karudi na akili zake."

Majirani waliposikia walivunjika mbavu. Katika maeneo haya baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mahindi kwenda mashineni, mkaa kwenda sokoni, mgonjwa kwenda zahanati na, tusidanganyane, sukari na mafuta kupita njia za panya. Mtu mzima kupanda baiskeli na kuzunguka bila sababu ni jambo ambalo wengi hawana hata jina lake.

Wanaume wa kilabuni walimtania Raphaeli kwamba mkewe anazurura. Raphaeli alicheka nao kinyonge, akarudi nyumbani na kununa. Ila hakumkataza.

Jumapili ya tukio, Tukuswiga aliiacha lami ya Isongole na kuingia njia ya vumbi inayokatiza mashamba ya mahindi. Alikuwa ameona alizeti zimechanua upande wa bondeni, akataka kuzifikia. Njia hiyo ukiifuata hadi mwisho unatokea Zambia. Yeye hakuifuata hadi mwisho. Aliziona alizeti, akageuza, na wakati wa kurudi akakuta gogo limelazwa njiani.

Nyuma ya gogo alikuwa Gibson, mgambo huyu huyu wa kikombe cha chai.

"Aliniuliza, 'Mama, mzigo umeushusha wapi?' Nikamwambia sina mzigo. Akasema, 'Naona huna. Nauliza umeushusha wapi.'"

Tukuswiga alidhani ni utani. Gibson alizunguka nyuma ya baiskeli. Kwenye keria kulikuwa na mipira ya kufungia, ile inayokatwa kwenye tyubu kuukuu. Akaipiga picha kwa simu. Akapitisha kidole kwenye chuma cha keria, kikatoka na unga mweupe. Akakinyoosha kidole kile mbele ya uso wa mama mtu mzima kama daktari aliyeona ugonjwa.

Unga ulikuwa wa mahindi. Jumamosi yake Tukuswiga alikuwa amepeleka debe moja mashineni, kama anavyofanya kila Jumamosi, na kama anavyofanya kila mwenye baiskeli na familia katika mtaa ule. Hakuwa ameifuta keria. Hilo ndilo kosa lake pekee linaloweza kuthibitishwa.

"Nilimwambia, twende kwa mwenye mashine ukamuulize. Akasema hiyo siyo kazi yake, kazi yake ni kukamata."

Gibson, kwa upande wake, hajioni mkorofi. Anaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. "Hapa mpakani, ukiona baiskeli inatoka upande ule na haina kitu, ujue imeshapeleka. Nani anapanda baiskeli kilomita zote zile kwa hiari yake? Sisi tunatumia uzoefu."

Uzoefu. Neno hilo limemgharimu Tukuswiga zaidi ya robo ya ujira wake, maana sasa anakwenda kazini na kurudi kwa bajaji, na siku asizo na nauli anatembea kwa miguu katikati ya mawe ya malori. Alfajiri zote anapitia kwanza hapa ofisini, anajaza upepo, ndiyo anaendelea na safari.

Lakini nauli siyo inayomchemsha damu. Kinachomchemsha ni kile alichoambiwa Jumatatu alipofuata baiskeli yake.

Ofisini alielezwa kwamba jambo ni dogo. Akiri alibeba bidhaa bila kibali, alipe faini ya elfu hamsini, achukue baiskeli, yaishe. Akauliza akiri bidhaa gani. Aliyekuwa mezani, mjumbe wa kamati ya ulinzi, akamuuliza yeye: ilikuwa sukari au mafuta?

"Nikamwambia sikubeba. Akasema, 'Basi tuseme unga, maana unga umeonekana.' Yaani wananichagulia mzigo, kama mtu anayechagua kitenge dukani!"

Aligoma. Akaambiwa vitu visivyokombolewa vinapigwa mnada mwisho wa mwezi, na baiskeli itakwenda na viroba vya sukari. Akagoma tena.

Tangu siku hiyo kila mtu amekuwa mshauri. Mchungaji alimwambia amani ni bora kuliko baiskeli. Majirani walimwambia asijifanye mgumu mbele ya serikali. Raphaeli alijitolea kuuza mbuzi wapate faini, akamsihi mkewe usiku na mchana.

"Mama Goodness, kiri tu. Neno halivunji mfupa."

"Baba Goodness, nikikiri leo, kesho kikipotea kitu mpakani watakuja kugonga hapa. Na wanangu wataitwa watoto wa yule mama wa magendo. Mbuzi utampata mwingine. Jina nitalinunua wapi?"

Aliyemwunga mkono bila kupepesa ni mwajiri wake, Mwanamvita Bashiri, mwanamke wa Tanga aliyefika Tunduma na sanduku moja la khanga za kuuza na sasa ana nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Mwanamvita hana uwezo wa kupunguza sauti.

"Kutembea nako kunataka kibali?" anahoji, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Simama hapa barabarani utazame. Malori mangapi yanarudi matupu kutoka Kongo? Matupu kabisa, yanagonga kama ngoma! Nani anayauliza mzigo yameushusha wapi? Lakini Tuku wangu na kibaiskeli chake, huyo ndiye wa kuulizwa!"

Dereva wa Kizambia anayekunywa chai kibarazani anadakia kwa Kiswahili chake cha njiani, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Mayo, mimi iko na lori empty kabisa. Police anasema tu, safe journey."

Mwanamvita anamwonyesha kwa kiganja, kama mwanasheria aliyepata shahidi.

Leo ni Jumamosi. Mnada ni keshokutwa. Saa nne asubuhi, kwenye uwanja ule ule wa ofisi, kuna mkutano wa mtaa, na Tukuswiga ameomba ruhusa kazini. Amebadilisha sweta. Amekaa mstari wa mbele, pampu imelala mapajani.

Mwenyekiti wa mtaa, Asajile Simbeye, mwanamume mpole wa miaka sitini anayependa mambo yaishe bila kelele, anaendesha ajenda moja baada ya nyingine. Usafi. Mchango wa choo cha shule. Ulinzi, ambapo mgambo wanapongezwa kwa kazi nzuri na wananchi wanapiga makofi. Inapofika mengineyo, Tukuswiga anasimama.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Nina swali moja tu. Nani aliuona mzigo wangu?"

Mwenyekiti anakohoa. "Mama Goodness, suala lako liko ofisini."

"Baiskeli ndiyo iko ofisini, mwenyekiti. Suala langu liko hapa. Aliyeuona mzigo wangu anyooshe mkono."

Hakuna mkono unaonyooka. Wanawake wa nyuma wanageuziana nyuso. Mwenyekiti, akiona hakuna pa kutokea, anamwita Gibson mbele.

"Gibson, uliuona mzigo?"

"Sikuuona, mwenyekiti. Ndiyo maana nikajua ameshaushusha."

Kicheko kinaanzia kwa wanawake, kinapita kwa vijana wa bodaboda waliosimama pembeni, hadi mjumbe mmoja wa kamati anaficha mdomo kwa kofia. Gibson anageuka huku na huku, hajui kinachowachekesha.

Tukuswiga hacheki.

"Gibson, ningekuwa na mzigo ungenikamata?"

"Ningekukamata, mama."

"Sikuwa na mzigo, ukanikamata. Sasa niambie mbele ya watu hawa. Siku ile nilitakiwa niwe na nini ili nipite?"

Gibson anamtazama mwenyekiti. Anakuna shingo. "Labda," anasema mwishowe, "labda ungekuwa na ndoo ya maji, mama."

Safari hii hata mwenyekiti anashindwa kujizuia. Katikati ya vicheko hivyo mwanamume mmoja anasimama upande wa wanaume, kofia mkononi. Ni Raphaeli.

"Mimi ni mumewe," anasema, na watu wananyamaza kumsikia kwa sababu ana sauti ndogo. "Mimi nilimwambia akiri. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa naona aibu, siyo kwa sababu alibeba. Huyu mama hakubeba kitu. Anapenda kutembea. Ni hivyo tu, anapenda." Anakaa kabla hajamaliza kusimama sawasawa.

Kamati inajitenga chini ya paa, vichwa vinakutana, na baada ya muda mfupi mwenyekiti anarudi na uso wa mtu aliyepata njia ya kuwaridhisha wote.

"Ndugu wananchi, kwa busara, kamati imeamua kumsamehe Mama Goodness. Faini imefutwa. Achukue baiskeli yake. Ila asirudie."

Watu wanapiga makofi. Mwanamvita, aliyefunga ofisi yake na kuja kwa bodaboda kushuhudia, anapiga vigelegele. Raphaeli anajifuta uso kwa kofia.

Tukuswiga bado amesimama. "Nisirudie nini?" anauliza.

Swali linamezwa na makofi. Mwenyekiti amekwisha kuwashukuru wananchi kwa mahudhurio mazuri, na mkutano unafungwa.

Nyuma ya jengo, Gibson anahangaika na kufuli. Mnyororo unapoanguka chini anabonyeza tairi la nyuma, halafu la mbele.

"Upepo uko sawa," anasema bila kumtazama. "Juzi ulipochelewa nilijaza mimi. Niliazima pampu ya fundi."

"Asante, Gibson," anajibu Tukuswiga. "Lakini wewe ndiye uliyeichukua."

Gibson anaitikia kwa kichwa. Anaukusanya mnyororo wake, anarudi mbele ya ofisi.

Akiwa anaisukuma baiskeli kuelekea barabarani, jirani mmoja anamkimbilia na boga kubwa kwapani. Nia yake ni njema kabisa. Analiweka kwenye keria na kuanza kuifunga mipira.

"Beba hili, mwenzangu. Ukikutana nao njiani waone una kitu, wasikusumbue tena."

Tukuswiga anaifungua mipira, moja baada ya nyingine. Anamrudishia jirani boga lake kwa mikono miwili, kwa heshima, na kumshukuru. Halafu anatoa kile kitambaa cha kila asubuhi na kuifuta keria hadi kona zake zote.

Ana hasira, na haifichi.

"Wamenisamehe," anasema. "Umesikia? Wamenisamehe! Mtu anasamehewa alichofanya. Mimi wamenisamehe nini? Wiki tatu nimelipa nauli na kutembea kwa miguu, wiki tatu watu wananitazama pembeni, leo napigiwa makofi kama mwizi aliyeokoka. Nimepata baiskeli. Kile kingine walichonichukua bado wanacho wao."

Ana mipango miwili. Wa kwanza ni wa kesho. Akitoka kanisani atashika lami ya Isongole, atakata kwenye njia ya vumbi hadi kwenye alizeti, na atarudi kupitia pale pale penye gogo, keria ikiwa tupu. Raphaeli amesema ataazima baiskeli ya shemeji yake waende wote, ingawa anakiri kwamba mlima wa kurudi unamtia hofu kuliko mgambo.

Wa pili ni wa mkutano ujao wa mtaa. Atakaa tena mstari wa mbele, atasubiri usafi upite, choo cha shule kipite, ulinzi upite. Ikifika mengineyo atasimama na kuomba neno moja lifutwe mbele ya watu wale wale waliolipigia makofi. Asipojibiwa atasimama mkutano unaofuata.

Anapanda. Anakanyaga hatua chache, kisha anaweka mguu chini na kumgeukia mwandishi wa habari hizi.

"Na wewe usije ukaandika kwenye gazeti lako kwamba nimesamehewa."

Anaulizwa iandikwe nini basi.

Nyuma yake lori linatoka kwenye foleni, tupu, bodi likigonga kila linapopita shimo, na dereva wake anapunga mkono kwa askari wa barabarani, naye askari anampungia.

"Andika kwamba Jumapili ile nilikuwa natembea."